Masizi ya Kiganja cha Eliza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoolewa na kuliko siku niliyojifungua. Nimelala kifudifudi juu ya lami ya moto, mguu wangu wa kushoto uko chini ya mzigo wa miwa, na mbele yangu, hatua mbili tu, kuna mkono. Mkono peke yake, umetokeza katikati ya miwa. Kiganja kiko juu, kimefunguka kama cha mtu anayepokea kitu, nacho ni cheusi tii kwa masizi. Nikauita mkono ule kwa jina. Eliza. Haukujibu. Nikasikia watu wanakuja mbio, na wa kwanza kunifikia alikuwa katibu wa klabu yetu ya mbio, Ignasi Malewa. Hakuniuliza kama naumia. Aliinama sikioni kwangu akasema, "Mwanahawa, mlikuwa mnaiba miwa. Umenisikia? Mlikuwa mnaiba."

Ngoja nirudi nyuma. Hadithi ikianzia kwenye damu, mtu hajui waliomwaga na waliomwagiwa walikuwa watu gani.

Mimi ni yule mama anayekaanga vitumbua karibu na stendi ya Mikumi, yule anayechechemea. Mnapita mbele ya jiko langu asubuhi na fulana zenu za klabu, mnaniamkia, naitikia marahaba, mnapotelea barabara ya Kidodi. Shule niliishia la saba, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Haya nimeyaandika kwenye daftari la mwanangu wa mwisho, kurasa zilizobaki nyuma ya hesabu zake.

Kwetu hasa ni Tindiga, kwenye mpunga. Nilipokuwa msichana nilipelekwa Kidodi kwa mama mdogo nimsaidie kupalilia miwa. Shamba lilikuwa mbali na mimi nilikuwa mzito wa kuamka, basi kila asubuhi nilikwenda mbio nisije nikakemewa. Ndivyo Malewa alivyoniona. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yeye ndiye aliyetukusanya. Alikuwa kijana mwenye kalamu mfukoni, akazunguka Kidodi nzima akisema hapa kuna miguu inapotea bure. Tukawa kumi na wawili, wasichana kwa wavulana. Tulijiita Chapa Vumbi, na vumbi tulilichapa kweli.

Hatukuwa na uwanja, wala viatu, wala saa ya kupimia. Tulikuwa na lori la miwa.

Ukiacha mto nyuma kuna mwinuko mrefu wa barabara. Sisi tuliuita Kipandio. Lori lililojaa miwa likifika pale linaugua. Linapanda kwa gia ya kwanza kama mjamzito wa miezi tisa, na mwendo wake pale ndio mwendo wa mtu mwenye mbio nzuri. Basi tulilisubiri chini, likishatupita tunalifukuza. Wa kwanza kulifikia na kuchomoa muwa mmoja nyuma ndiye mshindi wa siku. Hatukuwa wezi. Wenye mashamba walijua, walikubali, na wengine walikuja kusimama kando ya barabara kutuangalia: muwa mmoja kwa siku, wa mshindi, basi.

Na kwa kuwa shamba la miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, kila muwa unakuja na masizi yake. Ukiugusa tu, kiganja kinakuwa cheusi. Hiyo ndiyo ilikuwa medali yetu. Mshindi alikiinua kiganja watu wakione, na hakukiosha mpaka jioni. Mimi siku moja nilikula ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya mama mdogo kwa kuogopa kufuta ushindi wangu. Nilipigwa kofi la kunitosha, lakini wa kulia sikuuosha.

Lori lenyewe aliliendesha Mzee Kambi, mtu wa makamo, mkimya, kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani. Yeye alikuwa na sheria yake moja. Akianza kupanda Kipandio alitoa mkono wa kulia dirishani, ukaning'inia nje. Mkono ukiwa nje, fukuzeni. Karibu na kileleni, kabla hajabadili gia, aliurudisha ndani. Mkono ukiingia ndani, kila mtu kando ya barabara, hata kama vidole vyake vimeshaugusa muwa. Lori likibadili gia hushtuka, na mzigo nao hushtuka.

Kuna siku mkono uliingia ndani nami nikachomoa muwa hivyo hivyo. Mzee Kambi alisimamisha lori kileleni, akashuka, akaja taratibu. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Hakuitikia. Hilo peke yake lilinitoa jasho, maana shikamoo isiyojibiwa ni kama mlango uliofungwa usoni. Akasema, "Lori halina macho nyuma, Mwanahawa. Macho yake ni huu mkono. Siku usipouona mkono wangu, hapo hakuna mbio." Akanipa adhabu ya kukaa kando wiki nzima nikilinda kandambili za wenzangu. Wavulana wakaniita Bi Mlinzi. Nililia kwa hasira. Sasa nalia kwa jingine.

Eliza alikuja msimu uliofuata. Alitoka Mamboya, kule milimani kwa Waanglikana, binti wa Mwinjilisti Yona, akaja Kidodi kumsaidia shangazi yake aliyejifungua. Siku ya kwanza alifika na mtoto wa shangazi mgongoni, akasimama kutuangalia. Wavulana hawakumwacha. Wakamuuliza, nyie wa Mamboya huko mnatembea au mnaparamia? Akasema wanaparamia, na kwamba tangu afike bondeni ameona watu wanatambaa. Tukacheka. Akamfungua mtoto, akamkabidhi mama mmoja aliyekuwa na jembe, akakaza kanga kiunoni.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nimekaa na jambo hili miaka na miaka. Sisi wengine tulikimbia kwa kupigana na mlima, ukisikia miguu pa, pa, pa, ukisikia pumzi. Mimi waliniita garimoshi kwa jinsi nilivyokoroma. Eliza hakusikika. Miguu yake iligusa lami kama mtu anayejaribu maji kama yamepoa. Mabega yametulia, uso umetulia, na lori lile, naapa, lilionekana kama linarudi nyuma kumfuata yeye. Wanawake waliacha kupalilia. Vijana wa Kimasai waliokuwa wakichunga waliacha ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya watu, na mwenye mahindi alikuwa pale pale, naye hakusema kitu kwa sababu alikuwa anaangalia. Hakuna aliyeshangilia. Uzuri ukizidi kiasi watu hunyamaza. Nilichosikia ni bibi mmoja tu nyuma yangu akisema taratibu, Mungu fundi.

Akachomoa muwa, akatuonyesha kiganja, akarudi kumchukua mtoto kama mtu aliyetoka kisimani. Mzee Kambi alisema alimwona kwenye kioo cha pembeni, na kwamba tangu aanze kushika usukani kioo hakijawahi kumwonyesha kitu kama kile.

Kabla yake mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwa wasichana. Usidhani sikuumia. Nilimpenda na nilimwonea kijicho, vyote ndani ya moyo mmoja, na moyo ni chungu kikubwa, mwanangu, hupika hata vitu visivyopikwa pamoja. Lakini tulikimbia pamoja kila siku, yeye mbele mimi nyuma yake, na kwa kumfuata yeye nami nikawa na mbio ambazo sikujua ninazo. Tulishinda Kilosa mjini. Tulishinda Morogoro. Watu wakaanza kuuliza, hao Chapa Vumbi wanakula nini huko Kidodi?

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni kutoka mkoani atakuja kuchagua wasichana wawili wa kwenda kambini Dar es Salaam. Malewa hakulala. Alitaka mgeni atuone Kipandio, nyuma ya lori, si kwenye kiwanja cha shule ambako kila klabu hukimbia. Mzee Kambi akakataa. Alisema siku hiyo mzigo utapakiwa juu mno na hataki kuwa na watoto nyuma yake. Malewa akasema sawa mzee, akaondoka. Akaenda kumtafuta Sefu Dunga, akawaomba wenye miwa wampe yeye usukani.

Huyu Sefu alikuwa dereva kijana, mwenye haraka. Asubuhi ile nilikwenda kuchota maji karibu na walipokuwa wanapakia, nikamwona Sefu amekaa kwenye usukani wa lori letu, miwa imepanda juu ya kingo, mnyororo wa nyuma haujafungwa, umelegea tu. Nikakimbia kwa Malewa. Nikamwambia, "Katibu, dereva si Mzee Kambi. Huyu hajui habari ya mkono."

Malewa akaangalia huku na huku. "Nyamaza, Mwanahawa. Ukiwaambia watakimbia kwa woga, na mgeni hakuja kutazama woga." Halafu akashusha sauti. "Nafasi ni mbili. Moja ni ya Eliza, hilo hata kipofu anaona. Ya pili naweza kuiandika jina lako kabla hamjakimbia."

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi, mwanangu, guu nililivunja kwa kusikia la mkuu.

Nikanyamaza. Nilisimama kwenye mstari pembeni ya Eliza, akanigusa bega, akanitania kuwa leo garimoshi lisipige honi mgeni akakimbia. Nikacheka. Nilicheka naye huku najua. Hili andika mahali ulikumbuke.

Lori likapita. Tukalifukuza. Na kwa kuwa kulikuwa na joto, Sefu alikuwa ametoa kiwiko dirishani, amekilaza tu apate upepo. Wote waliona mkono uko nje. Mkono nje, fukuzeni. Eliza alikwenda siku ile kuliko siku zote nilizomwona. Alipanda kile kilima kama vile kilima kimelala. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili tatu, na hata mimi niliyejua, mimi mwenye sumu kooni, kwa kitambo kidogo nilisahau, nikabaki naangalia visigino vyake tu na kushukuru kwamba niko hai na nina macho. Akafika. Akachomoa muwa. Akageuka kwetu anacheka, akainua kiganja juu.

Kiwiko kiko nje bado. Sefu akabadili gia.

Mengine umeyasoma pale juu.

Hospitalini nilifungwa mguu kwa mbao. Siku ya pili akaja Mwinjilisti Yona kutoka Mamboya, mtu mrefu, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe. Malewa alikuwa amesimama karibu na kitanda changu tangu asubuhi, wauguzi wakamsifu ana huruma. Nikamwamkia mzee, akaitikia, akanipa pole kwa mguu. Kisha akauliza neno moja tu. "Mwanangu ana kiganja cheusi. Ule weusi ni wa nini?"

Malewa akawahi. Akasema, "Pole sana, Mwinjilisti. Watoto ni watoto. Walikuwa wanadokoa miwa kwenye lori."

Mzee akanigeukia mimi. Hakuuliza tena, alinitazama tu. Nami nikatazama dari. Lilikuwa na doa la maji mfano wa sufuria, nalijua mpaka leo. Nikasikia akisema polepole, "Basi. Tumuoshe mkono asije akafika mbele za Mungu hivyo." Wakamwosha. Kwa maji na sabuni, baba yake mwenyewe na shangazi yake, wakamwosha ushindi wake, wakidhani ni wizi.

Baada ya wiki akaja Mzee Kambi. Yeye hakukaa. Alisema amemkamata Sefu kabla hajakimbilia huko alikokimbilia, na Sefu amekiri kuwa Malewa ndiye aliyemtuma, tena alimwambia asiwalegezee mwendo. Akasema amekwisha kulisema hilo kwa kila mtu, lakini watu wanamwambia ni maneno ya dereva aliyenyang'anywa lori, na wenzangu wa mbio wanamwogopa katibu. Mtu wa kulisema likasikika ni mimi niliyekuwapo. Nikalia, nikasema naogopa. Akaniangalia mguu, akaniangalia uso. "Mguu wako utapona, Mwanahawa. Huo ulimi ndio sijui."

Mguu haukupona vizuri. Ulimi ulichelewa zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya changu niliusikia kila nilipotandika kitanda, kila nilipopika. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, Mzee Kambi naye akafa. Siku nilipomzika Mzee Kambi nikaona, ukimtoa Sefu asiyejulikana aliko, wamebaki wawili tu wanaojua yote, mimi na Malewa, na mmoja kati yetu hana haja ya kukumbuka. Nikapanda basi kwenda Kilosa, nikapanda jingine kwenda Mamboya.

Mwinjilisti nilimkuta hai, macho yamefifia, amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti na mguu wangu huu mbovu, nikamwambia yote. Lori, mkono, nafasi ya pili, masizi. Hakunikatiza. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe.

Akauliza, "Siku ile alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba. Hakuna aliyekuwa karibu naye."

Uso wake ukafunguka kidogo, nami nikaona mwanawe pale, ule utulivu wa Eliza akipanda mlima. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa nini hukuniambia kabla sijamuosha mkono?"

Akanishika kichwa, akaniombea, akanituma. Alisema yeye miguu haishuki tena milimani, niende mimi kwa aliyesema uongo nimwambie baba wa Eliza anangoja ukweli kutoka kinywani mwake. Nilikwenda. Malewa sasa ni mwenyekiti wenu, ana ofisi na kiti kinachozunguka. Alinisikiliza akitabasamu, akaniuliza klabu imepata jina, nataka kulichafua kwa ajili ya mambo ya zamani? Akaagiza niletewe soda. Sikuinywa.

Ningeweza kukaa kimya tena. Lakini juzi mmoja wenu, binti mwembamba wa Tindiga, yule aliyerudi na medali shingoni, alisimama jikoni kwangu kunywa maji. Huyo binti nimemwona anakimbia. Nilimwona asubuhi moja akishuka barabara ya Kidodi peke yake, ukungu haujaondoka, na kitumbua kiliniungulia kikaangoni kwa sababu nilisahau nina mikono. Nilidhani kitu kile kimezikwa Mamboya. Kumbe Mungu hakuishiwa. Basi binti yule akaniuliza, kwa heshima zote, "Mama, samahani, eti wewe ndiye uliyekuwa na yule mwizi wa miwa? Mwenyekiti hutusimulia, ili tusiwe na tamaa."

Kwa hiyo ndivyo anavyotumika. Eliza wa Mamboya, ambaye bila yeye pasingekuwa na klabu wala fulana wala medali, amekuwa kisa cha kuwatishia watoto.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo ninapokuachia. Miguu ni zawadi, hukujipa wewe. Ukimwona mwenzako kapewa zaidi, mfuate, usimfiche hatari. Nafasi inayotolewa ili unyamaze si nafasi, ni shimo lenye jina lako. Ukiona mkono wa dereva si ule unaoujua, piga kelele, hata kama mgeni amekaa kitini, hata kama mkubwa wako amekukonyeza. Wasikilize wakubwa, ndiyo, lakini mkubwa wa kweli ni yule anayekuondoa barabarani. Na ukikosa, kama nilivyokosa mimi, sema upesi, kabla watu hawajaosha mkono wa marehemu. Ukweli uliochelewa bado ni ukweli, ila huja ukichechemea.

Mungu akupe pumzi isiyokatika, mwanangu. Akulinde na vya mbele unavyoviona na vya nyuma usivyoviona. Akupe siku ya kuinua kiganja chako watu wakanyamaza kwa uzuri, na akujalie mtu wa kusimama baadaye aseme, nilimwona, alikuwa wa kwanza.

Nawe Ignasi Malewa. Mimi kosa langu nimeliandika hapa kwa mkono wangu, kila mtu alisome, na popote alipo Sefu Dunga na aandike lake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku ya mashindano ya klabu, vijana wakiwa wamejipanga chini ya Kipandio, uje usimame mbele yao. Usije na karatasi. Uje na muwa mmoja uliotoka shamba lililochomwa, uushike mpaka kiganja kiwe cheusi, ukiinue, uwaambie haya masizi ni ya nini na nani aliyemtuma Sefu. Mzee Yona yuko mlangoni kwake Mamboya, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni mazima. Anangoja. Ulimwambia nini baba wa yule mtoto, Malewa, na utamjibu lini?